Mji si Mawe Peke Yake

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka, mji mzima ulishtuka. Lakini anapofariki mwalimu wa chuo, na karatasi zake zikaliwa na mchwa ndani ya sanduku, hapana kishindo kinachosikika. Hilo nalo ni jengo lililoanguka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni huonyeshwa milango na roshani zake. Ni nadra kuambiwa kwamba Ukutani ndiko alikosomesha Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Au kwamba kadhi mashuhuri, Sayyid Ahmad bin Sumeit, alizaliwa Ngazija. Wote wawili walifariki mwaka 1925, wakaacha wanafunzi katika mwambao mzima.

Wala urithi huu haukuwa wa wenye majumba tu. Sheikh Uwesi wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza tarika ya Kadiria, na katika halaka za dhikri wanyonge, wakiwamo waliokuwa watumwa, walipata nafasi na heshima. Kwa kuwa mji huu ulijengwa pia kwa jasho la watumwa, habari hizo hazifai kuachwa nyuma.

Habari za wanavyuoni tunazijua kwa sababu marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982) alizitungia kitabu. Lakini wengi walioongoza dhikri mashamba, majina yao yamo vinywani mwa wazee tu, na wazee wanapungua.

Twajua kwa nini masanduku hayafunguliwi. Watu wanachelea kwamba karatasi ikishatoka nyumbani hairudi. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Wakuu wanaohusika wawapeleke watumishi wa Nyaraka kutoka Kilimani hadi majumbani, mjini na mashamba. Nakala itolewe mbele ya mwenyewe, na asili ibaki mikononi mwake siku hiyo hiyo. Wazee nao waulizwe, na maneno yao yaandikwe. Wanaowatembeza wageni wafundishwe majina haya kama walivyofundishwa habari za milango.

Nasi wananchi tutimize wajibu wetu kwa kufungua masanduku. Nguzo iliyovunjika fundi ataisimamisha tena. Jina lililosahauliwa halina fundi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.