Chokaa Ipi? Udongo wa Embu na Wajibu Wetu

Huenda msomaji akajiuliza udongo umeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Umeingia kwa mlango wa msamiati.

Miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Embu kupitia Chuka hadi Meru, ina udongo mwekundu uliotokana na volkano. Ukishuka kuelekea Mwea unakutana na udongo mweusi. Wote twauita wa mfinyanzi, ilhali mwekundu hauvimbi sana mvua inyeshapo, na mweusi hufura kwa maji kisha ukanywea wakati wa kiangazi, ukapasua kuta na barabara. Mafundi huuita kwa jina la Kiingereza lenye pamba ndani yake, kwa kuwa pamba hustawi katika udongo wa aina hiyo. Wapo waliotafsiri 'udongo wa pamba nyeusi'. Pamba nyeusi imeonekana wapi?

Mjomba wangu alijenga juu ya udongo huo. Alishauriwa, kwa karatasi ya Kiingereza, auchanganye na chokaa kabla ya kuweka msingi. Ushauri ulikuwa sahihi: chokaa iliyochomwa na kuzimwa hutenda kikemia na silika na alumina zilizomo katika udongo, ikaushikamanisha na kupunguza kufura kwake. Karatasi ilibainisha aina. Aliyeifasiri kwa mdomo alisema 'chokaa', basi. Fundi akanunua ile ambayo wakulima wa Embu na Meru huitia mashambani kupunguza asidi. Hiyo kwa kawaida ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, nayo haishikamanishi udongo. Baada ya misimu miwili ya mvua, ufa wa sebuleni ulipitisha kidole.

Lugha yetu si maskini kiasi hicho. Waswahili wa pwani walichoma matumbawe, wakaizima chokaa yake kwa maji, na kwayo wakajenga Lamu na Gedi. Tofauti hizo zimo lugharini. Sisi ndio hatuzifundishi. Au chukua neno kumvi. Utengenezaji wa saruji huchangia takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na watafiti wanaotafuta viunganishi mbadala (wanasarufi wasiudhike, neno hili litatutosha sote) huchanganya chokaa na majivu ya kumvi, ambayo yana silika nyingi. Vinu vya mpunga vya Mwea vina kumvi tele. Ni wangapi miongoni mwetu tunaolijua neno hilo bila kufungua kamusi?

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini tasnifu zetu zingali zikizunguka riwaya na ushairi. Napendekeza chama hiki kitume wanafunzi wawili kwa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, wakae nao muhula mmoja, waandike mwongozo wa kurasa nne kwa mafundi wa Mwea na Mbeere. Wahadhiri waukubali kama kazi ya mtihani, na kabla haujapigwa chapa usomwe na fundi, si na profesa pekee.