"Ni Uzee Tu"

Neno hili twalisikia kila siku, nalo latuchukiza. Bibi kizee ashikwa na ugonjwa ghafula. Wanawe wamlaza katika machela, wamtelemsha kutoka milima ya Mushaki mpaka barabara ya Sake, ndipo watafute gari la kwenda Goma, safari ya karibu kilomita 40. Afika amechoka, hata jina lake halijui. Mtu amtazama, auliza: "Miaka yake mingapi? Themanini? Basi, ni uzee tu." Bibi awekwa pembeni, vijana wapita mbele.

Sisi twasema: huo si uganga. Uzee hauji kwa siku moja. Mtu aliyepalilia maharagwe juma lililopita, na leo hamtambui mwanawe, hakuzeeka jana. Huyo ni mgonjwa.

Mzee aweza kuwa na homa ya mapafu na mwili wake usiwe moto. Mshipa wa moyo waweza kuziba bila maumivu ya kifua, ila akose pumzi au azimie tu. Kukosa maji, au vidudu vilivyoingia katika damu, pengine huonekana kwa kupotewa na akili peke yake. Kumbe majirani husema amelogwa. Au, vibaya zaidi, kwamba mchawi ni yeye!

Watu watatujibu: "Madaktari ni wachache, vita haviishi, tuwaokoe watoto kwanza." Twajua. Vita vilipofika Mushaki mwezi wa Februari 2023, watu walikimbilia Sake na Goma. Katika mbio za namna hiyo, mzee ni wa kwanza kuanguka na wa mwisho kubebwa. Lakini hao watoto yatima, nani awalea? Si bibi yao? Ukimwokoa bibi, umewaokoa na wajukuu.

Wala tusiseme haiwezekani. Mwaka 1935, karibu na London, daktari Marjory Warren alikabidhiwa mamia ya wazee waliolazwa bila tumaini katika hospitali ya maskini. Aliwapima mmoja mmoja. Wengi wakasimama, wengine wakarudi kwao. Huko Marekani, mwaka 2014, vyama vya madaktari na wauguzi vilitoa kanuni za kuwapokea wazee katika vyumba vya dharura. Na karibu na kwetu, Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2010 kufundisha mabingwa wa magonjwa ya dharura. Hapa Goma, HEAL Africa imefundisha madaktari ubingwa wa tiba ya familia. Njia iko, wapitao ndio wanakosekana.

Basi ninyi madaktari vijana mnaosomea ubingwa, twasema nanyi waziwazi. Wengine wenu hufikiri kazi ya wazee haina sifa wala fedha. Je, mlisomea sifa? Msingoje kumaliza masomo. Shikeni kazi hii sasa, katika zamu zenu za usiku. Kila mzee aingiapo, ulizeni: juma lililopita alifanya nini kwa mikono yake? Akili yake ilikuwaje? Anakunywa dawa gani, za hospitali na za miti shamba? Ameanguka? Nyumbani yuko na nani? Andikeni majibu hayo katika daftari. Hayo ndiyo yawe kitabu chenu cha mwisho wa masomo. Kisha njoni mwafundishe wauguzi wa vituo vya milimani. Mtu ajengaye hivyo atakuwa bingwa kweli.

Nasi wakristu tusinyoshee wengine kidole tu. Mzee akibadilika ghafula, tumpeleke siku ile ile, pamoja na dawa zake zote na mtu amjuaye. Tumwite padri, ni vema. Lakini Mpako wa wagonjwa si ruhusa ya kumnyima mzee daktari. Amri ya nne haikusema tuwaheshimu wazazi mpaka miaka 60.

Siku moja tutabebwa sisi katika machela ile. Tutapenda kuambiwa neno gani mlangoni?