Kusema Mbele ya Watu



Wako wengi katika sisi ambao wakiwa barazani, watatu wanne, husema maneno mazuri yenye akili na kupangika. Lakini siku mmoja wao atakapotakiwa asimame katika mkutano wa msikiti, au katika kikao cha wazazi wa shule, au mbele ya kadhi, ulimi humwia mzito, mikono humtetemeka, na ile haki aliyotoka nayo nyumbani hurudi nayo vile vile, haikusemwa. Mwezi huu twapenda kulizungumza jambo hili, kwani madhara yake ni makubwa kuliko tuyadhaniavyo.

Huenda mtu akasema: Hayo ni mambo ya mashekhe na wakubwa wa siasa, mimi ni fundi cherehani, au mimi ni mama wa nyumbani, yanihusu nini? Twamjibu kwa hadithi iliyopokewa na Bibi Ummu Salama, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaeleza watu kwamba yeye ni mwanadamu, nao humletea mashtaka yao, huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kutoa hoja kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa yale aliyoyasikia. Basi aliyehukumiwa kitu kilicho haki ya nduguye asikitwae, kwani ni kipande cha moto.

Hadithi hii ina onyo kwa mwenye ulimi mwepesi, asiutumie kula cha mwenziwe. Lakini ndani yake mna funzo jingine kwa mwenye haki. Hakimu husikia lile lililosemwa, wala hasikii lile lililobaki kifuani. Mjane asiyeweza kueleza urithi wake, na mzee asiyeweza kueleza mpaka wa shamba lake, wamo katika hatari ya kupotewa na haki ilhali ni yao. Kujifunza kusema, basi, si pambo. Ni kuilinda amana.

Wala mtu asione haya kwa kuogopa. Nabii Musa (a.s.), alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amsahilishie jambo lake, na amfungulie fundo katika ulimi wake, kisha akaomba apewe nduguye Haruni, aliyekuwa fasaha kuliko yeye, awe msaidizi wake. Na tutazame aliomba ulimi ufunguliwe kwa ajili gani: wapate kuifahamu kauli yake. Hakuomba apendeze, wala asifiwe. Hapa ndipo ilipo dawa ya kwanza ya hofu. Anayefikiri, "Watu watanionaje?" hutetemeka, anayefikiri, "Watu watafahamuje?" hushughulika na kazi yake, na hofu humpungukia.

Sasa tutazame mfano mmoja wa mtu aliyesimama akasema, na maisha ya watu yakategemea maneno yake. Katika mwaka 615 hivi wa Miladi, baadhi ya Waislamu wa Makka walikimbia mateso wakavuka Bahari ya Sham kwenda Uhabeshi. Makureshi hawakuridhika. Waliwatuma watu wawili, Amri bin Al-As na Abdallah bin Abi Rabia, wakawachukulia Najashi na wakuu wake zawadi za ngozi, vitu vilivyopendwa sana huko. Wajumbe wale walianza kwa wakuu. Kila mmoja walimpa zawadi yake, na wakawaomba wamshauri mfalme awatoe wakimbizi wale bila ya kuwasikiliza. Angalia hila hii, ndugu msomaji: walijua kwamba la kuogopwa ni watu wale kupata nafasi ya kusema. Lakini Najashi alikataa kumtoa mtu kabla hajamsikia.

Bibi Ummu Salama, aliyetupokelea ile hadithi ya kwanza, alikuwa mmoja wa wakimbizi hao, na kisa hiki twakipata kwake, katika sira ya Ibn Is-haka. Anasimulia kwamba walipoitwa walikutana kwanza wakashauriana watasema nini, wakakubaliana kusema wanalolijua na alilowaamrisha Mtume wao, liwalo na liwe. Msemaji wao akawa Jaafar bin Abi Talib.

Jaafar alianza na hali yao ya zamani: walikuwa watu wajinga, wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakikata udugu, mwenye nguvu akimla mnyonge. Kisha akaeleza jinsi alivyowajia Mtume wanayemjua nasaba yake na ukweli wake, na aliyowaamrisha: wamwabudu Mungu mmoja, waseme kweli, warudishe amana, wawatendee wema jirani. Akaeleza walivyoteswa kwa ajili hiyo. Mwisho akasema kwamba wameichagua nchi ya mfalme huyu kuliko nyingine, wakitaraji kuwa kwake hawatadhulumiwa. Najashi alipouliza kama anacho chochote katika alichokuja nacho Mtume huyo, Jaafar alimsomea mwanzo wa Sura ya Maryamu. Mfalme akalia hata ndevu zake zikalowa, na wajumbe wakaambiwa kwamba watu hawa hawatatolewa.

Siku ya pili Amri alirudi na hila nyingine, akisema kwamba Waislamu husema neno zito juu ya Nabii Isa. Waliitwa tena, na Jaafar hakupunguza wala hakuficha: alieleza kwamba Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na ni roho itokayo kwake, na neno lake alilompelekea Maryamu. Najashi alikubali, na zawadi za Makureshi zikarudishwa.

Katika kisa hiki mna madarasa mazima ya kusema. La kwanza, walishauriana kabla ya kwenda. Hawakungoja wafike ndipo watafute maneno. La pili, aliyesema ni mmoja, hawakupokonyana maneno. La tatu, maneno yalikuwa na mpango: tulikuwaje, limetujia nini, tumepatwa na nini, twaomba nini. Hata mtoto aweza kuyashika mambo manne hayo. La nne, hakuwatukana wale wajumbe. Aliieleza dhuluma bila ya matusi. La tano, aliwajua wasikilizaji wake. Alikuwa mbele ya Wakristo, akachagua katika Kurani mahali ambapo nyoyo zao zilikuwa karibu napo. La sita, lilipokuja swali gumu hakuigeuza kweli. Kujua wasikilizaji ni kuchagua mlango wa kuingilia. Si kubadili nyumba.

Na sasa tuseme ya kutendeka. Utakapotakiwa useme, jiulize kwanza: Nataka watu watoke hapa wamefahamu jambo gani? Kama huwezi kulisema kwa maneno machache, bado hujawa tayari. Ukisha lipata, andika katika kikaratasi vichwa vitatu au vinne vya maneno, si hotuba nzima, maana asomaye karatasi huinamisha uso na huwapoteza watu. Kisha lisome jambo lako kwa sauti nyumbani, mara tatu au zaidi, umesimama. Maneno yaliyopita kinywani si sawa na yaliyopita kichwani tu. Sentensi ya kwanza ihifadhi kwa moyo, kwani hofu huwa kubwa zaidi pale mwanzo.

Ukisimama, usianze upesi. Tuliza miguu, vuta pumzi, ngoja watu wanyamaze, umtazame aliyekaa nyuma kabisa, useme naye. Tuache ile desturi yetu ya kuanza kwa kusema, "Mimi si msemaji, nisameheni," kwani umekwisha waambia watu wasikusikilize. Anza kwa jina la Mwenyezi Mungu, uwasalimu watu, kisha ingia katika jambo lako. Ukisahau neno, nyamaza kidogo ulitafute. Kimya hicho ni kirefu kwako wewe, kwa wasikilizaji ni kifupi. Na kipaza sauti kisikudanganye: kazi yake ni kuifikisha sauti, haiongezi maana.

Usiharakishe, wala usirefushe. Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akisema kwa namna ambayo mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeyahesabu. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba ufupi wa hotuba ni alama ya ufahamu wa mtu. Msemaji ajuaye kukoma watu hutamani kumsikia tena.

Lakini mizizi ya jambo hili imo majumbani mwetu. Sisi tusomeshao vyuoni twaona kila mwaka mtoto ambaye akisoma pamoja na wenzake sauti yake hutikisa ukuta, naye akiambiwa asimame peke yake siku ya Maulidi hushika ncha ya kanzu akanyamaza. Kurani anaijua. Asilolijua ni kusikilizwa. Nyumbani kila afunguapo kinywa huambiwa, "Nyamaza, wakubwa wanasema," au hukosea neno akachekwa, na kicheko hicho hukaa nacho miaka. Adabu ni kumfundisha mtoto wakati wa kusema na namna ya kusema. Kumziba kinywa daima si adabu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi twawanasihi akina baba na akina mama jambo jepesi. Usiku mmoja katika juma, baada ya Isha, kila mtoto asimame mbele ya jamaa zake, aeleze jambo moja alilojifunza au aliloliona, kwa muda wa dakika tatu. Asichekwe, wala asikatizwe. Akimaliza, aambiwe jema moja alilolifanya na kosa moja la kurekebisha, basi. Baba naye asimame zamu yake, na mama pia, watoto waone kwamba hata wakubwa hujifunza.

Na mabinti wasiachwe nyuma. Bibi Khaula binti Thaalaba alikwenda kwa Bwana Mtume (s.a.w.) akamweleza shida yake na mumewe, akaitetea haki yake, na ndiyo sababu ya kuteremka mwanzo wa Sura ya Al-Mujadala. Kama mwanamke yule angalikaa kimya nyumbani kwake, angalibaki na dhuluma yake. Basi huyu binti yetu anayenyamazishwa leo, kesho atasimama na nani mbele ya kadhi?

Tumwombe Mwenyezi Mungu atukunjulie vifua vyetu, azifungue ndimi zetu kwa kweli, na azizuie kwa uongo. Amin.