Kupasuka kwa gurudumu barabara ya Meru–Embu si kudra

MSEMO kwamba ajali haina kinga hutajwa kila gari linapobingirika, na mara nyingi maelezo ya kwanza huwa mafupi: gurudumu lilipasuka, dereva akashindwa kulidhibiti gari. Kwa maelezo hayo kesi hufungwa kabla ya kufunguliwa. Hakuna anayeuliza tairi hilo lilikuwa na umri gani, lilijazwa upepo lini wala lilibebeshwa mzigo kiasi gani.

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika barabara itokayo Meru kupitia Nkubu na Chuka hadi Embu. Barabara hiyo hupanda na kushuka mabonde ya mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, na kona zake hazimwachii dereva nafasi ya kosa. Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi na kuua zaidi ya watu 30. Katika mkasa huo zilizoshukiwa ni breki, si magurudumu. Hata hivyo, ulidhihirisha jinsi kasoro moja ya gari inavyoweza kuangamiza umati mahali kama hapo.

Juu ya hayo kuna shinikizo la biashara. Miraa ya Igembe, sawa na muguka wa Mbeere, hupoteza nguvu na thamani kadiri inavyonyauka. Magari yanayoibeba kutoka Maua husafiri zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi yakishindana na saa. Kwa dereva wa aina hiyo, kusimama kupima upepo huonekana kuwa hasara.

Hasara halisi imejificha ndani ya tairi. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, nalo joto hudhoofisha mpira na nyuzi zilizoushikilia. Mzigo mzito na mwendo wa kasi huongeza joto hilo, na jua la nyanda za Mwea, chini ya Embu, halipunguzi makali. Ndiyo sababu tairi lililotoka Meru likionekana zima huweza kupasuka baada ya saa kadhaa.

Kinga basi huanza asubuhi, kabla ya safari. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gurudumu la akiba nalo lipimwe. Umri wa tairi husomwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kwa kuwa Kenya huruhusu magari yaliyotumika ya hadi miaka minane kuingizwa nchini, mnunuzi asidhani kuwa gari lililotua bandarini majuzi lina tairi changa.

Pancha ikitokea njiani, dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta na aache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kukanyaga breki kwa ghafla ndiko hupindua gari. Akisimama mahali tambarare nje ya barabara, awashe taa za tahadhari, aweke pembetatu za onyo mbali na gari na azuie magurudumu kwa mawe. Nati zilegezwe kabla ya jeki kuinua gari, kisha zikazwe kwa mpangilio wa msalaba. Akiondoka, aondoe mawe hayo. Jiwe lililoachwa barabarani gizani ni mtego kwa mwingine.

Lakini si haki kumtwika dereva mzigo wote. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka gari na sehemu zake zote, yakiwemo magurudumu, zidumishwe katika hali isiyohatarisha abiria na watumiaji wengine wa barabara. Mara nyingi anayeamua kama tairi kipara litabadilishwa ni mwenye gari, ambaye huenda yuko mbali wakati maiti zinapookotwa bondeni. Polisi wakichunguza umri na hali ya tairi baada ya kila ajali ya aina hii, na mwenye gari akahojiwa pamoja na dereva, kupasuka kwa gurudumu kutaacha kuitwa kudra. Bei ya tairi jipya ni chungu kwa mwenye gari, lakini asipoilipa yeye, atakayeilipa ni abiria ambaye hakuulizwa.