Nguvu za Mwili na Mpira wa Kuvuta



Katika sahifa hii ya mambo ya nyumbani, mwezi huu twapenda kusema juu ya nguvu za mwili, na juu ya chombo kidogo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, nacho ni mpira wa kuvuta. Vijana huununua kwa ajili ya kujenga vifua na mikono, na si vibaya. Lakini sisi twaona kwamba mwenye haja nao zaidi ni yule ambaye hakuna aliyemkumbuka kumnunulia, naye ni mzee aliyekaa barazani.

Zamani nguvu hazikutafutwa; zilikuja pamoja na kazi. Mwenye kuteka maji kisimani, kutwanga mpunga, kupiga kasia au kukwea mnazi alikuwa amekwisha fanya mazoezi yake kabla ya jua kupanda. Leo maji huja kwa bomba, unga hutoka mashineni, na aendaye sokoni hupanda pikipiki. Hizi ni neema, wala hatuzikatai. Lakini msuli usiopewa kazi hupungua, na upungufu huo huanza mapema kuliko watu wadhaniavyo. Baada ya miaka 30 au 40 msuli huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya 60 hupungua kwa haraka zaidi.

Basi tazameni yanayotukia majumbani mwetu. Mama akitaka kuinuka, mtoto mwema humwahi: "Kaa, mama, nitakuletea." Akitaka kubeba ndoo ndogo, mjukuu humpokea. Hii ni heshima, na asili yake ni njema. Lakini mama asipoinuka leo, wala kesho, wala mwaka mzima, mapaja yake husahau kuinuka. Halafu hushindwa kusimama kutoka katika sijida, akaletewa kiti, kisha huogopa kwenda chooni usiku peke yake, kisha huanguka. Rukhusa ya kusali kwa kukaa ni rehema kwa asiyeweza kusimama, lakini si sababu ya kuukaribisha udhaifu ambao ungaliweza kuzuiwa. Hatukumtakia mama ubaya. Bali tulimhudumia hata tukamwondolea nguvu zake.

Je, mtu mzima sana aweza kuzirudisha nguvu hizo? Aweza. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenziwe walitoa khabari ya majaribio waliyoyafanya huko Boston, Marekani, katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliwachukua wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya mapaja kwa kuinua uzito, kwa muda wa majuma 8. Tisa wakamaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa 174 kwa mia, na wawili miongoni mwao wakaacha kutembelea bakora. Ni kweli kwamba wazee wale walitumia mashine ya uzito, si mpira. Lakini msuli haujui kama unashindana na chuma au na mpira. Unajua tu kwamba umepewa kazi, na kwamba kazi hiyo si nyepesi.

Sasa tuje katika kuchagua. Mipira hii ni ya namna tatu. Ya kwanza ni utepe mpana na mwembamba, usio na vipini. Huu ndio wafaa zaidi kwa mwenye kuanza na kwa mzee, kwani hukatwa kwa urefu utakiwao na hushikwa popote. Ya pili ni kama bomba jembamba lenye vipini kila upande, nayo wafaa kwa kuvuta na kusukuma kwa mikono. Ya tatu ni pete, ambayo huvaliwa mapajani kwa ajili ya nyonga na mapaja.

Rangi huonyesha uzito, lakini msizitegemee sana. Katika mipira ya Thera-Band, wa manjano ukivutwa hata ukafikia mara mbili ya urefu wake hukuvuta kwa uzito wa karibu kilo 1.3, wa kijani karibu kilo 2, na mweusi karibu kilo 3.3. Watengenezaji wengine hupanga rangi zao wapendavyo, basi kijani cha huyu huenda kikawa chepesi kuliko manjano ya yule. Ulioushika mkononi ndio wa kuupima.

Kipimo chake ni hiki. Fanya zoezi moja kwa utaratibu, na uhesabu. Ukishindwa kabla ya mara 8, mpira huo ni mzito kwako. Ukifika 15 na ukaona waweza kuongeza nyingine 10, ni mwepesi. Mpira wako ni ule unaokuchosha kati ya mara 10 na 15, mbili tatu za mwisho zikawa ngumu lakini mwili usipinde wala kutetemeka ovyo. Hapa ndipo watu wanapokosea kwa njia mbili. Kijana huchagua mpira wa majivuno, akauvuta kwa kuutupa mgongo wake nyuma, mwisho akaumia kiuno. Naye mzee huchaguliwa na wanawe mpira wa huruma, mwepesi hata haumwongezei kitu. Yote mawili ni hasara.

Mazoezi manne yatosha kwa kuanza. La kwanza ni kuinuka kitini na kukaa tena, mikono ikiwa kifuani na kiti kimeegemezwa ukutani. Hili huanzwa bila mpira. Mtu akizoea, hukanyaga utepe kwa miguu yote miwili na kushika ncha zake mabegani. La pili ni kuvuta kama mpiga makasia: kaa mkekani au kitini, zungusha utepe katika nyayo, kisha vuta viwiko nyuma hata vipite mbavu. La tatu ni kusukuma: pitisha utepe nyuma ya mgongo chini ya makwapa, kisha sukuma ncha zake mbele. La nne ni kuvaa pete juu ya magoti ukiwa umekaa, ukapanua mapaja na kuyarudisha.

Kila zoezi lifanywe mara 10 hadi 15, upumzike dakika moja au mbili, kisha urudie. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2020, limesema watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa juma, na waliofika miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Pitisheni siku moja katikati ili misuli ipumzike. Mtu akiona 15 zimekuwa rahisi kwa siku mbili mfululizo, aushike mpira kwa ufupi zaidi, au aende katika mpira unaofuata. Kinolewacho hupata.

Tena jueni tafauti ya mpira na jiwe. Uzito wa jiwe ni ule ule mwanzo na mwisho. Mpira huzidi kuwa mzito kadiri unavyonyooka. Kwa hiyo urudisheni polepole, kwa hesabu ya tatu au nne, wala msiuachie ukarudi wenyewe, kwani nusu ya faida i katika kurudisha. Toeni pumzi wakati wa kuvuta, wala msiizuie kifuani.

Yako na ya kujihadhari. Mpira huzeeshwa na jua na joto. Kila mara kabla ya kuutumia, unyoosheni kidogo penye mwanga mtazame. Mkiona ufa hata mdogo, utupeni, kwa sababu mpira unaokatika huweza kupofua jicho. Msiuvute kuelekea usoni, wala msiuvute kupita mara tatu ya urefu wake. Wauzungushapo katika nyayo, hakikisheni hauwezi kuteleza. Msiufunge katika mlango ambao mtu aweza kuufungua. Uwekeni kabatini, na watoto wasiufanye manati. Ambaye ngozi yake huwasha kwa mpira wa utomvu atafute ule usio wa utomvu. Asiyeweza kununua aweza kukata ukanda wa tyubu ya baiskeli isiyo na kiraka, nao huchunguzwa vivyo hivyo.

Mwenye maradhi ya moyo, au shindikizo la damu lisilotulia, au aliyepasuliwa karibuni, na mama mja mzito, wamwulize daktari au mkunga kwanza. Msuli kuchoka ni dalili njema, lakini kiungo kikiuma, au kifua kikibana, acheni mara moja. Na katika Ramadhani, wakati ufaao ni usiku, baada ya futari kutulia.

Mazoezi haya hufanyika chumbani au uani, bila ya kutoka wala kutazamwa na mtu, basi mama zetu na dada zetu hawana kizuizi. Enyi vijana, mnaponunua mpira wenu, nunueni na wa pili mwepesi kwa ajili ya mama au babu, mkae naye mfanye pamoja. Na anapotaka kuinuka mkekani, mwacheni ajaribu mwenyewe kwanza. Simameni karibu naye, mkono ukiwa tayari kumdaka, lakini msimshike mpaka ahitaji.