Maji ya Moto na Mgonjwa wa Nyumbani



Katika nchi ya Italia uko mkoa wa Lucca. Upande mmoja una bahari, penye mji wa Viareggio. Upande mwingine una milima ya Apuane. Na bondeni uko mji wa Bagni di Lucca, ambako tangu zamani watu walikwenda kuoga maji yatokayo ardhini yakiwa ya moto.

Sisi tukaao Mchukwi tusiwaonee wivu. Mashariki tunayo delta ya Rufiji na mikoko yake. Kusini, ng'ambo ya mto, viko vilima vya Matumbi. Na kule Luhoi, upande wa Utete, maji ya moto hububujika. Mvua huzama chini sana katika nyufa za miamba, ikapata joto la ardhi, ikarudi juu. Ni kazi ya Muumba, wala hakuna mzimu unaoyapika.

Basi mzee mwenye magoti mazito na aende. Maji ya vuguvugu hulegeza viungo na kutuliza maumivu. Ila yachotwe ndooni, yaachwe yapoe, na mtoto asiachwe peke yake, kwani maji ya chemchemi huweza kuunguza.

Lakini neno langu hasa ni hili. Mtoto ana homa, au baba anakohoa wiki ya tatu, na wakubwa wa nyumba husema, "Twende kwanza kwenye maji." Siku hupita, na ugonjwa haungoji. Huko Italia kwenyewe, wengi waendao kuoga ili wapone huenda na cheti cha daktari mkononi.

Tena tumkumbuke Mtakatifu Gemma Galgani, msichana wa Lucca. Alifariki mwaka 1903 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 25. Maji ya moto hayakuwa mbali naye, lakini hayatibu kifua kikuu, na dawa yake ilikuwa haijapatikana duniani. Leo dawa ipo, na katika Tanzania hutolewa bure.

Na sisi wa Rufiji tunayo habari yetu. Mwaka 1905, kule Ngarambe, Kinjikitile aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Ushujaa wao tunauheshimu mpaka leo. Lakini risasi haikugeuka maji, na wengi walikufa.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Kwa hiyo, ndugu, mwenye homa apimwe siku ile ile. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende hospitali asingoje ya tatu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Akishapata dawa na nguvu kumrudia, ndipo tumpeleke Luhoi, akaoge na kumshukuru Mungu.