Damu Si Hukumu

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii ni fupi, na kwa ufupi wake yapendwa sana na watu wasiotaka kufikiri kwa urefu. Mzee akipotewa na kumbukumbu, akauliza swali moja mara tano, akasahau jina la mwanawe, akatoka nyumbani asijue njia ya kurudi, majirani huketi wakamhukumu. Wako wasemao kuwa amelogwa, au kwamba mchawi ni yeye mwenyewe. Wako na wengine, waliopita shuleni, ambao huwacheka hao wa kwanza, kisha husema: "Ni damu yao. Nyumba ile yote itakuwa hivyo."

Nimepata kuona posa ikivunjwa kwa neno hilo. Nyanya wa binti alikuwa amesahau kila kitu. Basi mjukuu, mwenye akili timamu na ujana wake wote, alikataliwa kama chungu chenye ufa. Nasema kuwa hukumu hii ya wasomi ni ndugu wa ile ya uchawi. Zote mbili hukata shauri kabla ya kusikiliza shahidi.

Na tuwasikilize mashahidi. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alikutana na mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Aliona mabonge baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Hapakuwa na jini wala laana. Palikuwa na maradhi, ambayo leo huitwa kwa jina la daktari huyo.

Je, maradhi hayo hayana uhusiano na ukoo? Yanao. Kukana hivyo ni kujibu uongo kwa uongo. Ndani ya miili yetu imo jeni iitwayo APOE, yenye maagizo ya kutengeneza protini inayochukua mafuta katika damu na ubongo. Ina aina tatu kubwa, zilizopewa nambari 2, 3 na 4, na kila mtu hurithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza kuwa aina ya 4 huonekana zaidi kwa wagonjwa wa Alzheimer. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, nakala moja ya aina hiyo huongeza hatari mara mbili hata tatu, na nakala mbili huiongeza zaidi. Aina ya 2, kinyume chake, huipunguza.

Lakini hatari ni jambo moja, na hukumu ni jambo jingine. Wako wenye aina ya 4 waliofika uzeeni na kumbukumbu zao, na wako wagonjwa wengi wasiokuwa nayo kabisa. Tena watafiti waliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa wagonjwa wapya wa Alzheimer walikuwa asilimia 1.15 kwa mwaka kule Ibadan, na asilimia 2.52 kule Indianapolis. Aina ya 4 ilikuwapo Ibadan pia, lakini nguvu yake ilionekana dhaifu. Huenda sababu ni chakula, au afya ya mishipa ya damu, au jeni nyingine zinazoandamana nayo. Lililo wazi ni kwamba jeni moja haikusema neno moja kila mahali.

Mpinzani wangu atakimbilia Antioquia, nchini Kolombia, na ana haki ya kukimbilia huko. Katika koo fulani za jimbo hilo, badiliko moja katika jeni iitwayo PSEN1 huleta maradhi haya watu wakiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Hapa damu hunena kwa sauti kubwa. Hata hivyo, kila mtoto wa mzazi mwenye badiliko hilo ana nusu ya bahati ya kutolirithi. Koo za namna hii nazo ni chache mno. Hazifikii asilimia moja ya wagonjwa wote duniani. Na mwaka 2019 iliandikwa habari ya mwanamke wa koo hizo hizo, aliyekuwa na badiliko lile baya, lakini akili yake ikadumu hadi miaka ya sabini. Alikuwa amerithi nakala mbili za badiliko jingine, adimu, katika APOE. Damu iliyoleta sumu ilileta na dawa yake. Methali ya nyoka itasema nini hapo?

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya magonjwa ya kupoteza akili uzeeni yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa visababishi 14 walivyovitaja mna shinikizo la damu, kisukari, sigara, uziwi, upweke, na upungufu wa elimu ujanani. Kijana unayesoma maneno haya, tafakari hilo la mwisho. Kitabu kilicho mkononi mwako ni sehemu ya kinga yako.

Asemaye "ni damu yao" hufanya madhara matatu: humtia kijana hofu asiyostahili, humpa mvivu udhuru wa kutojitunza, na humwacha mzee mgonjwa bila wa kumshika mkono. Ukoo hutupa mbegu, haukutupa mavuno. Siku utakaposikia mtu akihukumiwa kwa usahaulifu wa nyanya yake, usinyamaze. Mwombe mwenye kuhukumu alete ushahidi, kisha uende ukaketi na nyanya huyo, umjibu swali lake kwa mara ya sita.